Salamu za Mjomba wa Mkwiro

Mejumaa mwanangu,

Nguo zako zimeshapangwa, na babako amelifunga sanduku kwa kamba ya katani kana kwamba ndani mna mbuzi atakayetoroka. Habari za baridi ya Nairobi, vidonge vya malaria na simu utakayoipiga ukifika umekwisha kuambiwa na kila jirani aliyepita hapa tangu asubuhi. Sitazirudia. Nimejifungia chumbani na kalamu kwa sababu nina jambo nisiloliweza kwa mdomo. Unanijua. Nikifungua mdomo huwa nahutubia.

Nataka kukuandikia habari za siku ile ya mgeni. Mimi nimeandika magazetini juu ya kila kitu: vichochoro vya kushukia pwani vilivyozibwa na mahoteli, bei ya korosho, walimu wenzangu wanaoingia darasani na usingizi machoni, waheshimiwa wanaokumbuka njia ya Msambweni wakati wa kura tu. Hili la mgeni sijaliandika popote. Wewe ndiwe msomaji wake wa kwanza, na sababu utaiona.

Unakumbuka vita vya kuileta ile kompyuta. Kikundi cha kina mama kilipopata chumba karibu na posta, wengine walitaka cherehani, mimi nikataka mtambo uunganishwe na simu, watoto wetu wasome maktaba za dunia nzima bila kuvuka kivuko cha Likoni. Nilipanda Kwale mara nyingi kuugombania ule waya wa simu hata makarani wakawa wakiniona getini wanajificha. Nilishinda. Ninapenda kushinda, hilo nalo unalijua.

Aliyenipinga kwa hoja alikuwa Ustadhi wa madrasa yenu. Wengine walinipinga kwa kelele, na kelele mimi siziogopi. Yeye alinisimamisha njiani, akasema, "Mwalimu, mimi mtambo sina neno nao. Nauliza tu, mlangoni atakaa nani?"

Nikamwambia, "Ustadhi, elimu haihitaji bawabu."

"Elimu, sawa. Nasemea watu watakaoingia pamoja nayo."

Juma lililofuata nilimwandika gazetini, bila kumtaja jina lakini kila mtu akamjua, kwamba kuna walimu wa dini wanaoogopa dirisha kwa kuwa wameshazoea giza. Watu walicheka sana. Mimi mwenyewe niliyasoma maneno yale mara tatu kwa kuyapenda. Kisha nikaenda kugombana na wenye mahoteli, nikawaacha ninyi watoto mbele ya ule mtambo, nyuma ya mlango uliofungwa ili vumbi lisiingie.

Hapo ndipo alipokuja Bi Zuhura.

Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Ulikutana naye pale panapoandikwa mazungumzo, maneno yakipanda kwenye kioo mstari kwa mstari. Alisema ni mama wa Kiswahili anayekaa Uingereza, mjane, hana mtoto wa kike, na moyo unamlilia pwani. Alikuita mwanangu. Nawe ulifanya niliyokufundisha. Ulimwandikia shikamoo. Kila ukifungua mtambo, shikamoo kwanza. Naye akauliza: wewe ni wa nani, wa mji gani, mama anafanya kazi gani, anarudi saa ngapi, nyumba ni ipi ukitoka hospitali? Ukamjibu yote, neno kwa neno.

Waliposikia baadaye, watu wa huku walisema, mtoto mwenye akili kama yule alipumbazwaje? Hukupumbazwa. Ulikuwa na adabu. Mimi ndimi niliyekufinya sikio, ungali mdogo kuliko mdogo wako Tima alivyo leo, ulipomjibu mgeni "sijui" ukakimbilia uani. Nilikwambia swali la mkubwa haliachwi chini kama ganda la ndizi. Katika nyumba hii mtoto husimama, huamkia, na hujibu mpaka mkubwa atosheke. Nilikulea uwe mlango ulio wazi, nikajisifia malezi hayo kwa kila aliyekuja kunywa chai.

Basi akaja mgeni mwenyewe. Jumamosi, babako yuko kazini jikoni hotelini, mimi nimepika pilau kwa bahati tu. Teksi ikasimama, mtu akapiga hodi kwa sauti ya mtu aliyelelewa. Kanzu safi, kofia ya kazi ya mkono, mkononi kasha la halua na doti ya leso. Akaniamkia shikamoo, ingawa tulikuwa karibu hirimu moja. Alisema anaitwa Bwana Salimu, ndugu wa Bi Zuhura wa Uingereza.

"Binti yako na dada yangu sasa ni mtu na mwanawe, Mwalimu. Amenituma nilete salamu kwa mkono, hizi za mtambo hazimtoshi."

"Kumbe! Mbona Mejumaa hakuniambia?"

"Watoto, Mwalimu, watoto! Halafu njiani nilivukia Wasini, nikalala Mkwiro kwa ndugu yako Mwinyihaji. Anakusalimu sana. Mguu wake umepata nafuu."

Mwanangu, mimi sikuwa na habari ya Mwinyihaji yeyote wa Mkwiro. Lakini ukoo wetu umetapakaa kutoka Gazi mpaka Vanga, na kina Mwinyihaji ndani yake ni wengi. Mtu akikuletea salamu za ndugu, utasemaje humjui? Utakuwa umemfanya mgeni mwongo, na wewe mwenyewe umekuwa mtu aliyesahau jamaa zake. Kwetu huku hilo halisemwi. Kwa hiyo mimi, ninayewachambua mawaziri neno kwa neno, nilijibu bila kupepesa:

"Alhamdulillahi! Mguu ule umeninyima raha sana."

Ndipo ulipotokea na birika na bakuli, kumnawisha mgeni mikono. Ulisikia. Ulisimama na lile birika, maji hayamwagiki, ukaniuliza mimi, si yeye:

"Mama, kwani mguu wa mjomba Mwinyihaji ulikuwa na nini?"

Nami nikaona mtoto anataka kunitia aibu. Nikasema, "Si alianguka mnazi?"

"Naam, mnazi," akasema Bwana Salimu, akitikisa kichwa kwa huzuni. "Mnazi mrefu kweli."

Ukamnawisha. Ukarudi uani. Nami nikampakulia pilau, mnofu wote upande wake. Alikula kwa ustaarabu, akalisifu, akauliza habari za makala zangu. Alikuwa amezisoma, au alikuwa amesimuliwa na wewe. Nilinyoosha shingo kwa sifa kama jogoo. Kisha akasema dada yake atapiga simu saa tisa kwenye hoteli alikofikia, kule Diani, na kwamba mama wa watu analia usiku na mchana kutaka kuisikia sauti ya Mejumaa. Teksi ipo, binti atarudishwa kabla ya magharibi.

Sikufikiri hata kidogo. Nilikuita.

"Nenda kavae buibui, ukamwamkie shangazi yako kwenye simu."

"Siendi, mama."

"Mejumaa!"

"Siendi. Sisi hatuna mjomba Mkwiro. Nilimtunga mimi juma lililopita, yeye na mguu wake. Na sikumwangusha mnazi, nilisema amechomwa na samaki taa akivua. Hakuna mtu chini ya jua aliyemjua mjomba yule ila mimi na Bi Zuhura."

Mgeni akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu mzima anayewapenda watoto. "Mwalimu, hawa wa siku hizi wana vituko!"

Nami nikafanya kile ambacho mpaka leo nikikikumbuka nikiwa darasani huwa nageukia ubao. Nilikwambia, "Mwombe mgeni radhi."

Hukulia, hukupaza sauti. Ulinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayempenda. Ukasema, "Mama, wewe ule mguu umeujuaje?"

Lo! Nimejibizana na watu wenye shahada tatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifunga mdomo namna ile. Nilikaa na upawa mkononi. Bwana Salimu akaweka gilasi chini polepole, akasema anatoka kidogo kumwambia dereva azime gari, mafuta yanakwisha. Tukasikia mlango wa gari. Tukasikia gari likipiga kona ya hospitali. Akaacha halua na leso na wali nusu sahani.

Babako alipouliza kwa wenzake wa hoteli ile, hapakuwa na mgeni wa jina hilo, wala mtu aliyesubiri simu ya Uingereza. Kituoni askari mmoja aliniuliza mtu yule kaiba nini. Nikasema hakuiba. Akauliza sasa mbona nilimpikia. Nikarudi nyumbani.

Hayo yote unayajua. Ninayoandika kuanzia hapa ndiyo usiyoyajua, au unayajua lakini hukuyasikia kwangu.

Jioni ile nilikuuliza ulimshuku tangu lini. Ukaniambia maneno ambayo ningependa yapigwe mhuri yafundishwe vyuoni: "Mama, kila alichoniambia juu yake, mimi nilikuwa nimeshamwambia juu yangu. Nilisema bibi yetu kazikwa Vanga, kesho yake na yeye ana makaburi Vanga. Nilisema napenda kudarizi, naye anadarizi. Nikaona huyu hana chake. Anachukua changu, anakitia sukari, ananirudishia." Kisha alikutaka picha, kichwa wazi, kwa kuwa "sisi wanawake watupu". Hapo ndipo ulipomtengenezea mjomba, ukamtupia, ukangoja uone atarudi na nani.

Nina vitabu kabati zima. Sijasoma mahali popote maelezo yaliyonyooka kama hayo juu ya namna mtu mbaya anavyomkaribia mtoto kwa njia ya mtambo. Wewe uliyafikia peke yako, mbele ya kioo, kwa umri wa miaka kumi na sita, na moyo wako unampenda yule mama wa uongo. Usisahau hilo la mwisho. Ulimpenda, na bado ulimpima. Watu wazima wengi hawawezi.

Kisha nikakuuliza swali la pili, na hili ndilo lililonikata. Kwa nini hukuniambia? Ulikunja mkeka kwanza ndipo ukajibu. "Nilijua utaandika. Ungemwandika Bi Zuhura, ungemwandika Ustadhi, ungeiandika serikali. Mimi ningekuwa mfano." Halafu ukaongeza, kwa upole kabisa, kwamba Bi Zuhura alikwambia usinieleze kwa kuwa mimi ni mkali, na kwamba katika yote aliyosema hilo peke yake lilikuwa kweli.

Nilikuwa nikidhani hatari iko kule ndani ya waya. Ilikuwa pia hapa, katika mama ambaye mwanawe akimletea kidonda anakifanya hoja.

Ndiyo maana sikuandika. Si kwa aibu, ingawa aibu nilikuwa nayo ya kutosha. Nilijua nani angeshangilia. Kuna watu hapa waliokuwa wakingoja kisa kama hiki kwa hamu, waseme mnaona, zimeni mtambo, mtoeni binti shule, mwozesheni kabla hajaharibika. Wallahi, hao ningewapa kuni na kiberiti. Na kuna wale wa upande wangu, wasomi wa kukaa kwenye viti vya kuzunguka, wanaosema watoto ni werevu watajifunza wenyewe. Uongo mtupu. Wewe ulijifunza mwenyewe kwa sababu hapakuwa na mtu. Mtoto aliyetoka salama kwenye maji yenye kina hafanyi kina kiwe kifupi. Yangekuwaje kama ungekuwa mtiifu zaidi kidogo? Kama ungekwenda kuvaa buibui kama nilivyokuamuru? Hapo ndipo fikra zangu hugonga ukuta, na sitazilazimisha zipite.

Lakini nataka kuzungumza juu ya uliyoyafanya baadaye, kwa sababu hujawahi kunisikia nikiyasifu. Nilitaka kukifunga chumba. Wewe ulikataa. Ulikwenda na Tima, mkaikamata meza mkaigeuza, kioo kikatazama mlangoni, na mlango ukaachwa wazi, vumbi liingie likitaka. Ukaweka benchi nyuma ya kiti. Ukawaambia kina mama wanaongoja zamu ya posta, "Karibuni mkae hapa kivulini." Wakakaa. Hawakujua kusoma Kiingereza, lakini kuuliza walijua. "Huyu unayezungumza naye ni nani? Wa kwa nani? Umemjuaje? Hebu nisomee anasema nini." Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti, na neno lisiloweza kusomwa kwa sauti mbele ya mama wa mtu likajulikana papo hapo kuwa ni la namna gani. Niliyekuwa na vitabu sikuliwaza hilo. Wewe ulichukua udadisi wa kina mama wa Msambweni, ambao mimi nimeulalamikia maisha yangu yote, ukaufanya bawabu.

Na ulikwenda kwa Ustadhi peke yako ukamwomba aje aone. Alikuja, akasimama na tasbihi yake, akatazama muda mrefu. Mimi nilijiandaa kwa hotuba. Akainama akakuuliza kwa sauti ndogo, "Humo, habari za mpira zimo?" Tangu siku ile ndiye mtu wa kwanza benchini kila Jumatatu. Nilimwomba radhi kwa ile makala. Akasema, "Mwalimu, ulinicheka vizuri, hata mke wangu alicheka. Ila swali hukulijibu." Nikamwambia limeshajibiwa, na aliyelijibu ni Mejumaa.

Tuligombana jambo moja tu. Uliwaambia watoto wadogo kwamba wanaruhusiwa kumdanganya mtu wasiyemwona. Nilipandwa na hasira. Nilisema unavunja adabu ya pwani iliyojengwa na wazee. Ukanijibu, "Mama, adabu ni ya mtu aliyekuja na uso wake. Asiyetaka kuuonyesha uso hana anachotudai." Nilikwenda kulala nikitafuta la kukujibu. Mpaka leo natafuta.

Sasa unakwenda kuisomea hiyo mitambo yenyewe. Majirani wanasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitazimika, utabaki umesomea kitu kilichokufa, na mama mmoja amenishauri kwa dhati nikupeleke upishi. Waache. Ninachojua ni kwamba huko kutakuwa na watu waliojifunza mtambo unavyokwenda, na wachache sana watakaojua mtu anavyoingilia mlango wa mtu kupitia humo. Hilo unalo tayari. Usimwachie mtu yeyote akuambie kwamba ni jambo dogo au la wanawake.

Utapatwa na mambo. Utakosea, nami nitakuwa mbali. Siwezi kukuahidi kwamba nimekuwa mpole, ungenicheka. Naweza kukueleza tu ninachojifunza kwa taabu, kama mtoto anayejifunza kushika kalamu: mwanangu akiniambia jambo zito, ninyamaze mpaka amalize. Sijui kama nimekwisha kulijua. Mtihani umenijia leo alasiri, wakati wewe umekwenda kuwaaga wenzako, na ndio ulionifanya nichukue karatasi.

Tima alikuja jikoni, akasimama nyuma ya mlango, akachezea bawaba. Nilikuwa nakuna nazi. Akasema, "Mama, jana kuna mtu kwenye kompyuta aliniuliza nina miaka mingapi na kama nalala chumba changu peke yangu."

Mejumaa, maneno yalinijia kooni kama jeshi. Nani? Lini? Nani alikuwa benchini? Nilitaka kusimama, nilitaka kwenda posta na panga. Nikaendelea kukuna. Nikakuna mpaka kwenye kifuu. Nikasema tu, "Ehe."

"Nikamwambia nina miaka sitini, nina wajukuu saba, na nalala na mume wangu ambaye ni askari."

"Ehe."

"Akasema mimi mwongo. Nikasema na wewe pia. Akaondoka." Kisha akasogea akakaa chini karibu na mbuzi ya nazi, begani kwangu. "Lakini mama, niliogopa kidogo."

Nikaacha nazi. Nilimshika tu, na baada ya muda alianza kunieleza tangu mwanzo, alivyoingia, aliyekuwa amekaa naye, neno gani lilikuja kwanza, jinsi alivyolala bila kuzima taa. Alieleza mengi. Wali uliungua, nikauacha uungue. Alipomaliza nilimuuliza kama naweza kukuandikia haya, maana ni mambo yake.

Akafikiri, uso mzito kama hakimu. "Mwandikie," akasema. "Lakini mwambie nimekuambia mimi mwenyewe. Hukuniuliza."

Basi nakwambia. Aliniambia mwenyewe.

Mamako